Msafiri na Forodha: Matayarisho ya Ng'ambo Katika Kisiwa cha Mombasa

Kwa karne nyingi wageni wafikao Kisiwa cha Mombasa wamekuwa wakiulizwa maswali mawili: umetoka wapi, na umechukua nini? Mtu akitoka Ngomeni, yaani Fort Jesus, akashika Ndia Kuu na kuufuata Mji wa Kale mpaka uwanja mdogo ulio juu ya bandari ya majahazi, ataiona hata leo nyumba ya forodha ya zamani. Hapo ndipo manahodha waliokuja na upepo wa kaskazi kutoka Kutch, Maskati na Hadhramaut walipopanda kutoka majini, hati zao mkononi, kueleza magunia ya tende ni mangapi, mazulia ni mangapi, na mabaharia wao ni kina nani.

Kuulizwa huko si jambo lililozuka juzi. Wareno walioanza kuijenga Ngome mwaka 1593 walikuwa wamekwisha kuwalazimisha wenye vyombo katika bahari hii kununua hati iliyoitwa kartazi. Chombo kilichokutwa hakina hati hiyo kiliweza kunyang'anywa pamoja na shehena yake. Sayyid Said alipoutwaa mji mwaka 1837, forodha za mwambao wake zilikuwa zimekodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, na ushuru wa bidhaa zilizoingia ulikuwa 5 kwa 100. Mwaka 1887 Sultani Barghash akaikabidhi forodha ya sehemu hizi kampuni ya Waingereza ya Bwana Mackinnon, na mwaka 1895 Serikali ya Kiingereza ikashika mambo yenyewe. Baadaye meli kubwa zilihamia Kilindini, na abiria wa leo hupanda ndege katika uwanja ulio bara, ng'ambo ya Makupa. Wenye kuuliza wamebadilika mara nyingi, lakini maswali ni yale yale.

Safari hii watakaoulizwa ni sisi. Baba yangu, mkulima katika milima ya Taita, mwenye umri wa miaka 71, ana ugonjwa wa kilango cha moyo, na madaktari wamemshauri apasuliwe katika hospitali moja huko India. Mimi ni karani wa Serikali hapa Mombasa, nami nimekodi chumba Kibokoni katika Mji wa Kale; kwa hiyo jamaa waliamua kwamba mimi ndimi nitakayemsindikiza. Hakuna kati yetu aliyepata kuvuka bahari. Tumekuwa kisiwani humu wiki saba tukitoka ofisi hii na kuingia ile, na kwa kuwa najua wasomaji wengi wa gazeti hili wana mzee au mtoto ambaye huenda siku moja akahitaji safari kama hii, nimeona yafaa niandike tuliyoyaona.

Jambo la kwanza ni jina. Mkulima aliyezaliwa kijijini miaka 70 iliyopita aghalabu ana majina matatu au manne: la nyumbani, la ubatizo, la baba yake, na pengine la babu. Katika kitambulisho yameandikwa kwa utaratibu mmoja, katika cheti cha ubatizo kwa utaratibu mwingine, na karani wa hospitali akayaandika kama alivyoyasikia. Kijijini hayo si kitu, maana kila mtu amjua mwenziwe. Lakini ofisa wa uhamiaji katika nchi ya ugeni hamjui baba yangu. Yeye azijua karatasi tu. Kama pasipoti yasema Yohana na tikiti ya ndege yasema John, kwake hao ni watu wawili, na mmoja wao hana ruhusa ya kuingia. Kwa hiyo tulianza kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa, ambacho Baba hakuwa nacho tangu azaliwe, na tukahakikisha kwamba jina lake limeandikwa kwa herufi zile zile kama katika kitambulisho. Ndipo tulipoomba pasipoti. Maombi hujazwa katika mtandao wa Serikali uitwao eCitizen, lakini mwombaji hana budi kwenda mwenyewe kwa ofisa wa Uhamiaji akapigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole, kwa sababu pasipoti za Kenya zilizoanza kutolewa mwaka 2017 zina kidude ndani kinachohifadhi habari hizo. Baba alicheka kidogo vidole vyake vilipokataa kuonekana katika kioo. Jembe lilikuwa limekwisha kuzifuta alama. Yule kijana wa ofisini akampa kitambaa chenye maji, akajaribu tena na tena kwa upole mpaka zikatokea.

Pasipoti ilipopatikana tukaandikia hospitali ili barua yao ya kumkubali mgonjwa ifuate herufi zile. Viza ya mgonjwa huombwa katika mtandao wa Serikali ya India yenyewe, na barua ya hospitali huambatanishwa. Wasindikizaji wasiozidi wawili hupewa viza ya namna yao. Pasipoti sharti iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kwisha, na kurasa 2 tupu za kugongwa muhuri. Namwonya msomaji kwamba kuna mitandao mingi ya matapeli iliyopambwa kama ya Serikali, nayo hula fedha za watu. Mwenye shaka na aulize kwanza: India ina ofisi ya ubalozi wake hapa hapa kisiwani, wala hapana haja ya kwenda Nairobi kwa ajili ya swali.

Sasa nafika kwenye jambo lililotukosesha usingizi, nalo ni chanjo ya homa ya manjano.

Ugonjwa huu huletwa na kirusi kinachochukuliwa na mbu. Kenya imo katika nchi zenye hatari yake: ulizuka Bonde la Kerio mwaka 1992, na tena Isiolo mwaka 2022. India haina ugonjwa huo, lakini ina mbu wa jamii ile ile awezaye kuueneza, na watu wake ni wengi mno. Basi wanachelea mgeni mmoja asije akawasha moto katika nyasi kavu. Atokaye Kenya akifika bila cheti cha chanjo aweza kuwekwa karantini mpaka siku 6. Kwa mtalii hizo ni siku 6 za kununa. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, aliyepangiwa siku ya kupasuliwa, ni jambo jingine kabisa.

Chanjo yenyewe ilitengenezwa mwaka 1937 na Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, naye alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1951. Ni chanjo njema. Sindano moja yatosha, na tangu Julai 2016 cheti chake hukubaliwa maisha yote, wala si miaka 10 kama ilivyokuwa zamani. Lakini cheti hakina nguvu mpaka zipite siku 10 tangu siku ya sindano. Anayekwenda kuchanjwa wiki ile ile ya safari amechelewa, hata akiwa na kadi ya manjano mfukoni.

Shida yetu ilikuwa hii: chanjo hii imetengenezwa kwa kirusi kilicho hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu aliyepita miaka 60 anayechanjwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwa si nadra kama kwa kijana. Daktari aliponieleza hayo nilirudi Kibokoni na uzito. Ziko njia mbili. Daktari aweza kuandika hati kwamba mtu huyu hawezi kuchanjwa kwa sababu ya afya yake, na sheria za afya za mataifa zaruhusu hati hiyo. Lakini maofisa wa afya wa nchi ile bado wanayo mamlaka ya kumweka chini ya uangalizi. Au achanjwe, na hatari ile ndogo ikubaliwe. Daktari wa moyo na mwenzake wa chanjo walizungumza, wakampima Baba damu, wakamwuliza juu ya dawa zote anazokunywa na kama mayai humdhuru. Kisha wakamwambia yeye mwenyewe, si mimi, kwamba hawaoni kizuizi, lakini uamuzi ni wake.

Baba alikaa kimya kitambo. Akasema, "Mwanangu, tangu ujana wangu napanda mahindi kabla mvua haijanyesha. Nichanjeni."

Alichanjwa siku 24 kabla ya safari. Kwa siku tatu alikuwa na maumivu ya viungo na homa kidogo, kisha ikaisha. Kadi yake ina jina kama lilivyo katika pasipoti, namba ya pasipoti, siku ya chanjo, namba ya dawa, sahihi na muhuri. Nilikagua vitu hivyo sita kabla hatujatoka mlangoni, na yule muuguzi akaniambia, "Bwana, wewe ni karani kweli."

Fedha sitazisemea sana. Nyingi ni mchango wa harambee: jamaa waliuza ng'ombe wawili, na chama chetu cha akiba kikanikopesha. Baadhi ya wazee walitaka tuzichukue mkononi, wakidai fedha usiyoiona si yako. Yampasa msomaji afahamu kwamba anayetoka Kenya na dola 10,000 au zaidi ni lazima aseme kwa ofisa wa forodha, na India humtaka mgeni aeleze akiwa na noti zinazopita dola 5,000. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Sisi tulipeleka gharama ya hospitali kwa benki, tukachukua stakabadhi, na tutakazokuwa nazo mkononi ni za chakula na nyumba.

Yabaki mikoba. Hapa ndipo mila zetu na sheria za forodha zinapogongana.

Baba aliwasili kutoka nyumbani na kikapu cha maharagwe, parachichi kumi, na chupa kubwa ya asali ya kumpa daktari atakayempasua. Kwake yeye kwenda mikono mitupu kwa mtu atakayekuokoa maisha ni aibu. Nilimweleza kwamba India, kwa amri yake ya mwaka 2003, hairuhusu mbegu na mazao ya shambani kuingia bila cheti cha wakaguzi wa mimea, na kwamba asali, ikiwa ni kitu cha majimaji kinachopita mililita 100, haiingii ndani ya ndege katika mkoba wa mkononi. Alinitazama kama nimemtukana. Jioni ile akaongeza kwamba wakati wa kurudi alinuia kuleta kokwa za maembe ya India apande karibu na kisima.

Sikujibu kwa sheria. Nilimwuliza kama akumbuka ghala letu lilivyoharibika.

Kila mkulima wa kwetu akumbuka. Mdudu dumuzi, anayegeuza gunia la mahindi kuwa unga mtupu, si wa Afrika. Asili yake ni Mexiko na nchi jirani zake. Alionekana Tanzania, upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akaingia Kenya kupitia kwetu, Taveta. Hakuja kwa miguu yake. Baba aliyahesabu tena magunia aliyopoteza miaka ile, moja moja, kisha akasema, "Kumbe ndivyo alivyokuja." Siku ya pili yake aliwapa majirani wa Kibokoni maharagwe na parachichi, na asali akampa mama mwenye nyumba. Juu ya maembe alikubali kwamba anayetaka kuleta mche au mbegu Kenya apate kwanza kibali cha wakaguzi wa mimea, yaani KEPHIS, kabla mbegu haijang'oka ilikotoka. Ameniagiza niulize habari za kibali hicho. Nimeuliza.

Mama mwenye nyumba ni mtu wa Mombasa hasa, wa ukoo wa zamani, naye ametutunza kama watu wa kwao. Ana mjukuu anayesoma katika mji ule ule tuendao. Usiku mmoja alibisha hodi na bahasha, leso mpya, mtungi wa achari ya embe, na kifurushi kilichofungwa kwa uzi na kushonwa. Nilimwuliza ndani mna nini. Akajibu kwamba ni dawa ya tumbo ya unga aliyoisaga mwenyewe. Namwamini mama huyu, wala hakuna dakika niliyomshuku. Lakini katika mila yetu msafiri hakatai kutumwa, na watu waovu waijua mila hiyo vizuri. Wako vijana wa nchi hii walio gerezani ng'ambo waliosema mbele ya hakimu, "Nilipewa tu nimpelekee mtu." Sheria ya India ya dawa za kulevya ya mwaka 1985 yaweza kumfunga mtu tangu miaka 10 hata 20 mzigo ukiwa mkubwa. Na ofisa akikuta unga usio na jina wala muhuri wa mtengenezaji, hana njia ya kuutofautisha na unga mwingine kwa macho. Miraa nayo, inayouzwa hapa Mombasa mchana kweupe, Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Halali ya huku si lazima iwe halali ya kule.

Nilimwomba tukae pamoja, afungue mwenyewe, nami niandike orodha. Alisononeka. "Mwanangu, toka lini leso ikaandikiwa karatasi?" Nilimwambia kwamba mimi ndimi nitakayeulizwa, na ningependa kujibu kwa ukweli, na kwamba Baba yu mgonjwa, hawezi kusimamishwa saa nyingi kwa ajili ya mtungi wa achari. Unga na achari vilibaki. Leso na barua vimo mkobani, na bahasha haikufungwa. Siku mbili hakutuletea mahamri asubuhi. Siku ya tatu aliyaleta, nasi hatukuyataja tena yaliyopita.

Wageni wengi pia hununua makombe ya baharini na vipande vya matumbawe kwa wachuuzi wa pwani. Namshauri msafiri aviache. Vingi vyalindwa na mikataba ya mataifa, na pembe za ndovu hazisemeki kabisa. Dawa za Baba za kila siku tumeziacha katika pakiti zake zenye maandishi, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa, nazo tutakuwa nazo mkononi, maana mkoba uliowekwa tumboni mwa ndege waweza kwenda mji mwingine. Anayebadili ndege katika nchi za Ghuba aangalie zaidi: dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli zina masharti makali huko, na hata khashkhash, mbegu ndogo ya mapishi, hairuhusiwi katika Falme za Kiarabu. Sisi tutabadilia Addis Ababa.

Wakati wa kurudi tukumbuke mifuko ya plastiki. Kenya iliikataza tangu tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake yaanzia faini ya shilingi milioni 2. Anayenunua vitu katika maduka ya viwanja vya ndege akapewa mfuko wa namna hiyo auache kabla ya kuingia. Nimechukua kikapu cha ukindu kutoka Marikiti, nacho chatosha.

Fundi mmoja wa Mji wa Kale amemshonea Baba mfuko wa kitambaa wa kuvaa shingoni chini ya shati. Ndani mna pasipoti, nakala ya viza, kadi ya manjano, barua ya hospitali, stakabadhi ya benki na orodha ya mizigo. Nakala za zote ninazo mimi, na nyingine ameachiwa ndugu yangu Wundanyi.

Kila jioni baada ya chakula tunakaa barazani, mimi nikajifanya ofisa. Namwuliza Baba amekuja kufanya nini, atakaa siku ngapi, nani amefunga mkoba wake. Mwanzoni alikuwa akieleza habari za moyo wake tangu mwaka alioanza kuumwa; sasa hujibu kwa maneno machache na kutoa karatasi inayohusika. Jana nilimwuliza kama amechukua kitu cha mtu mwingine. Akasema, "Leso moja na barua, ya mjukuu wa mwenye nyumba wetu. Orodha ni hii."

Mama mwenye nyumba alikuwa akisikiliza mlangoni. "Na uwaambie ni leso nyekundu," akasema, "wasije wakampa ya mwingine."